Goma: dawa ya rangi ya gari ipo, lakini haifanyi kazi peke yake

Mtu anayetaka kujua kama gari la abiria limepakwa rangi vizuri hapa Goma haangalii paa wala kapo. Anainama. Anaangalia chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya mbele, na parashoki inayopokea mawe kabla ya sehemu nyingine. Gari linaweza kung'aa juu kama sahani ya harusi, kumbe chini limekwisha kumenyeka mpaka kwenye bati, na kutu inatembea polepole chini ya rangi.

Sababu wakaaji wanaijua. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikafika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama upande wa Buhene, mlangoni mwa mji. Mawe hayo meusi yamejenga kuta na nyua, na ndiyo yanayotandazwa kwenye njia nyingi za mitaani. Ni mawe yenye meno. Gurudumu likiyakanyaga, kipande kinaruka na kupiga bati, na gari la nyuma linapokea kile kilichorushwa na gari la mbele.

Halafu kuna mvua. Moshi wa Nyiragongo na wa Nyamulagira umebeba gesi ya salfa, na Nyiragongo imehesabiwa kwa miaka mingi kati ya volkano zinazotoa gesi hiyo kwa wingi sana duniani. Upepo mara nyingi unausukuma moshi kuelekea magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mvua ikipita ndani ya moshi huo inafika chini ikiwa na asidi, na ndiyo maana mabati ya nyumba za upande huo yanaoza mapema. Gari nalo ni bati. Tone la mvua hiyo likikaukia juu ya rangi dhaifu, linaacha alama isiyotoka kwa sabuni.

Na kuna jua. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Baridi ya asubuhi inawadanganya watu, lakini jua la saa sita linachoma rangi mpaka inakuwa kama chaki. Mawe, asidi na jua: hao ndio maadui watatu wa rangi ya gari katika mji huu.

Gari lililogeuka kuwa shamba

Mama mmoja alikimbia kutoka Masisi pamoja na watoto wake, na kitu pekee cha thamani alichookoa ni Hiace ya zamani ya marehemu mume wake. Walikaa kwanza kambini. Kambi zilizouzunguka mji zilipobomolewa mwanzoni mwa 2025, wakapanga chumba kimoja. Mashamba yalibaki nyuma, ng'ombe hawapo tena. Shemeji yake anaendesha Hiace hiyo kwenye njia ya Sake, na pesa ya jioni ndiyo inayonunua unga, makala na karo ya shule.

Rangi kwa watu kama hao si urembo. Abiria mwenye haraka hachagui gari, ni kweli. Lakini mtu anayekodi gari kwa ajili ya harusi, au familia inayosindikiza maiti, inaangalia. Kazi ya kukodiwa siku moja inalipa kuliko siku kadhaa za njia. Na bati lililotoboka kwa kutu halirudishwi kwa rangi: linakatwa, linachomelewa lingine, na hiyo ni gharama ya aina nyingine kabisa.

Mara ya kwanza Mama alipeleka gari kwa fundi aliyemwahidi kulimaliza kwa siku mbili. Alipakwa rangi ya mafuta, ile ya milango ya nyumba, iliyolainishwa kwa esanzi. Jumapili ya kwanza gari liling'aa mpaka majirani wakampongeza. Mwezi wa pili ulipokwisha, rangi ilikuwa inabanduka chini ya milango kama ganda la mti. Kipande kimoja kilitoka kikubwa kama kiganja, na upande wake wa ndani ulikuwa na vumbi la kahawia.

Ndipo muuzaji mmoja wa vipuri akamwambia kwamba kuna dawa inayochanganywa na rangi, na rangi hiyo mawe hayawezi kuivunja. Mama akatoa zamu yake ya likelemba, akaenda upande wa Ndosho kwa fundi mwingine, mzee aliyezoea kazi hiyo tangu ujana, kuomba dawa hiyo.

Fundi hakuzungumza juu ya dawa kwanza. Alichukua wembe, akachora mistari michache inayokatana juu ya mlango, akabandika skochi juu ya michoro, akaikandamiza kwa kidole, kisha akaivuta ghafla. Rangi yote ya pale ikaja na skochi, safi, kama karatasi.

— Mama, hii rangi haikushika chuma. Ilishika vumbi.

— Basi, Papa Fundi, niwekee ile dawa.

— Dawa ipo, Mama. Lakini dawa inaingia ndani ya rangi. Rangi ikiwa imelala juu ya vumbi, dawa nayo inalala juu ya vumbi.

Jibu hilo, kila mwenye gari au moto mjini angefaa kulishika kabla ya kufungua mfuko.

Dawa ni nyingi, kila moja na kazi yake

Madukani, makopo ya dawa za rangi yanafanana, na wauzaji wengi wanayaita yote kwa jina moja. Lakini kazi zao ni tofauti, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Ya kwanza ni dawa ya kugumisha. Rangi nyingi nzuri za gari ni za makopo mawili: kopo la rangi au verni, na kopo dogo la kugumisha. Vikichanganywa vinashikana kikemia, na rangi haiwi tena kitu kilichokauka tu, inakuwa ngozi moja ngumu. Rangi ya namna hiyo inavumilia esanzi inayomwagika, asidi ya mvua na kokoto kuliko rangi ya kopo moja. Lakini kipimo chake si cha kukisia. Ikipungua, rangi inabaki laini na kushika vumbi. Ikizidi, rangi inaweza kuvunjika kama ganda la yai, na jiwe la kwanza linaifungua. Kipimo kimeandikwa kwenye kopo au kwenye karatasi ya kampuni: mara nyingine sehemu mbili kwa moja, mara nyingine nne kwa moja. Mafundi wazuri wana kikombe chenye mistari. Asiye na kikombe anatumia chupa moja ileile kupimia yote, si jicho.

Ya pili ni dawa ya kuifanya rangi ipinde. Hii ndiyo muuzaji aliyokuwa anaisifia. Kazi yake hasa ni kwenye plastiki, kama parashoki za magari ya siku hizi. Plastiki inapinda ikiguswa, na rangi ngumu iliyo juu yake inapasuka. Dawa hii inaipa rangi unyumbufu kidogo. Ukiijaza kwenye rangi ya gari zima ukidhani unaongeza nguvu, unapata kinyume: rangi inachelewa kukauka, inapoteza mng'ao, inabaki laini na kukwaruzika kwa kitambaa cha kuoshea. Bati halipindi kama plastiki, kwa hiyo halina haja nayo.

Ya tatu ni dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Plastiki nyingi za magari zina uso wa utelezi ambao rangi haina pa kushika. Dawa hii inapakwa nyembamba kwanza, peke yake, kabla ya rangi. Bila hiyo, hata rangi ya bei kubwa inatoka parashoki ikioshwa kwa maji yenye nguvu.

Ya nne ni dawa ya kuzuia vishimo. Kuna wakati rangi mbichi inajikunja na kuacha vishimo vya duara. Hiyo ni alama ya silikoni au mafuta kwenye bati, mara nyingi yale wanayopaka wasafishaji wa magari ili matairi na dashibodi ving'ae. Matone machache ya dawa yanaituliza rangi. Lakini dawa yenyewe ina silikoni: ikizidi, tabaka linalofuata halishiki vizuri, na hewa ya garaji nzima inachafuka. Mzee wa Ndosho ameiweka mbali kwenye kabati. Anapendelea kuosha bati mara mbili kuliko kuifungua.

Ya tano ni diliani, ile ambayo bidhaa zinazotoka Uganda na Kenya zinaiita thina. Kuna ya kukauka haraka kwa siku za baridi na ya kukauka polepole kwa siku za joto. Ikikauka haraka mno chini ya jua, rangi inakuwa na ngozi kama ya chungwa. Esanzi si diliani. Inaacha mabaki ya mafuta ndani ya rangi, na mabaki hayo ndiyo yaliyomfukuzia Mama pesa yake ya kwanza.

Ya mwisho si ya kuchanganya, bali ni rangi yenyewe: antigraviyo, rangi nzito ya mpirampira inayopakwa sehemu za chini. Uso wake una chembechembe kama ganda la fenesi. Jiwe likiipiga, inabonyea kidogo na kurudi, badala ya kupasuka. Kwa mawe ya Goma, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na dawa aliyoahidiwa Mama.

Kazi inaanzia kwenye ndoo ya sabuni

Fundi alimweleza Mama kwamba sehemu kubwa ya kazi haionekani gari linapomalizika. Kwanza gari linaoshwa kwa sabuni na maji mengi, na katika mji ambako maji yanatafutwa kwa bidoni, hapo ndipo wengi wanaanza kudanganya. Kisha bati linafutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma kabla dawa haijakauka. Kitambaa kimoja peke yake kinasambaza mafuta tu.

Kutu inakwanguliwa mpaka chuma cheupe kionekane. Kutu iliyofunikwa haifi. Inaendelea kula chini ya rangi kama mchwa ndani ya mti. Mahali penye mashimo panawekwa mastiki, na mastiki haiwekwi juu ya kutu wala juu ya rangi inayobanduka. Msasa unaanza mkali, namba 80, unashuka kwa hatua: 180, kisha 320 au 400 kabla ya rangi. Mtu akiruka kutoka 80 mpaka 400, mikwaruzo ya ule wa kwanza inarudi kuonekana baada ya wiki chache.

Juu ya chuma kitupu inawekwa apre ya epoksi, ambayo inashika chuma na kuzuia unyevu. Baada ya hapo ndipo rangi inapata mahali pa kusimama. Kompresa nayo inatakiwa kumwagwa maji ya tangi kila asubuhi, kwa sababu hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na tone moja la maji likitoka pamoja na rangi ya makopo mawili linazaa mapovu.

Kosa lingine ni unene. Wengi wanadhani rangi nyingi ni rangi imara. Sivyo. Rangi iliyorundikwa, ya zamani chini, mpya juu, tena nyingine juu yake, inavunjika kwa vipande vikubwa jiwe likiipiga. Tabaka nyembamba zilizoshikana ndizo zinazovumilia.

Pesa ya likelemba iwekwe wapi?

Hesabu ilipopigwa, pesa ya Mama haikutosha gari zima. Na hata kama ingetosha, kulikuwa na shida kubwa zaidi: siku. Rangi ya makopo mawili inaweza kuguswa baada ya saa kadhaa, lakini ugumu wake kamili unahitaji karibu wiki moja, na usiku wa Goma una baridi inayorefusha muda huo. Gari likirudi kwenye mawe ya njia ya Sake kesho yake, linakuwa limetupa pesa. Gari likikaa wiki mbili garaji, watoto wanalala bila kula.

Shemeji alitaka lipakwe lote haraka, kwa rangi ya bei ndogo, ili liwe na sura moja.

— Shemeji, tulikwisha kununua sura, Mama alimjibu. Sasa tununue bati.

Fundi akawapa njia ya tatu. Juu ya gari, kuanzia kwenye madirisha mpaka paa, rangi ya zamani ya kiwandani ilikuwa bado imeshika. Rangi ya yule fundi wa kwanza ikaondolewa pale ilipokuwa inabanduka, na sehemu ya juu ikasafishwa na kung'arishwa tu. Kazi ya kweli ikawekwa mahali mawe yanapopiga: ukanda wa chini wa milango, nyuma ya magurudumu, ukingo wa mbele, na parashoki.

Ukanda wa chini ulikwanguliwa, ukapakwa epoksi kwa rola, kisha antigraviyo nyeusi kwa brashi, na ukaachwa hivyohivyo mweusi. Mstari ulionyooka ulitenganisha nyeusi na nyeupe, na anayelitazama gari anadhani limetoka kiwandani hivyo. Parashoki peke yake ndiyo iliyopewa dawa ya kushikisha plastiki, na rangi yake ikatiwa ile dawa ya kupinda. Kwa hiyo dawa aliyoifuata Mama mpaka Ndosho iliingia katika sehemu moja tu ya gari, na kiasi chake kilikuwa cha kujaza kikombe kidogo cha chai nusu.

Mwisho wa yote, fundi aliwafungia bavete nne, zile mpira zinazoning'inia nyuma ya magurudumu, alizozikata kutoka kwenye tairi kuukuu. Bavete hazina kemia yoyote. Lakini jiwe lisilofika kwenye bati halihitaji kushindana na rangi. Gari lilikaa siku nne garaji, likarudi njiani likiendeshwa polepole, na halikuoshwa kwa sabuni mpaka wiki ilipokwisha.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo halikumgharimu Mama hata faranga: ndoo moja ya maji safi jioni, kila baada ya mvua ya upande wa Sake, ili asidi isikaukie juu ya gari.

Kifua cha kijana

Habari hii ina upande mwingine, na huo haumhusu mwenye gari bali yule anayeshika pistole.

Garaji nyingi za mji zimepokea vijana waliokimbia vita. Kijana anakuja bila cheti na bila chombo, anaanza kwa kupiga msasa, anapewa pesa ya chakula, na baada ya miezi michache anapewa pistole. Kwa mzee wa Ndosho yuko mmoja wa namna hiyo, kutoka Rutshuru, mwenye kulea wadogo zake wawili. Kabla ya hapo alikuwa anapiga rangi mahali pengine, ndani ya chumba kilichofungwa turubai pande zote ili vumbi lisiingie. Alifunga kitambaa puani. Jioni alipewa maziwa ayanywe, eti yanasafisha kifua.

Alipofika Ndosho alikuwa anakohoa usiku. Mchana alikuwa mzima. Jumapili alikuwa mzima. Siku ya kupiga verni, usiku wake kifua kilibana.

Mzee alijua maana yake, kwa sababu alikuwa na mwenzake wa zamani aliyeanza hivyo hivyo. Dawa ya kugumisha ina isosianati, kitu ambacho kinaweza kumletea mtu pumu. Na pumu hiyo ina tabia mbaya: mwili ukikwisha kuikataa dawa hiyo, hata kiasi kidogo sana kinatosha kuleta shambulio, na hali hiyo inaweza kubaki maisha yote. Kitambaa hakizuii chochote, hata kikilowanishwa. Barakoa ya hospitali haizuii. Maziwa yanaingia tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Kinachofaa hasa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka mbali. Barakoa ya mpira yenye makopo ya makaa ya kuchuja inasaidia ikiwa ni mpya na imekaa vizuri usoni, lakini haifikii ile.

Kwa sababu hiyo mzee alipendelea rola na brashi kwenye Hiace ya Mama. Ukungu wa pistole ndio unaosafiri na kuingia kifuani kwa wingi, na brashi haitoi ukungu. Parashoki aliipiga mwenyewe, nje, asubuhi, akiwa na barakoa yake, wakati watoto wa jirani walikuwa shuleni.

— Mzee, nikiacha pistole nitalisha wadogo zangu na nini? kijana alimuuliza.

— Mwanangu, ukiacha kupumua nani atawalisha?

Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa chakula. Anayenyoosha bati, yule wanayemwita tolie, anaanza tena chini, na malipo ya mwanafunzi ni madogo kuliko ya mpiga rangi. Walikubaliana kwamba kijana ahamie kwenye bati, upande wa pili wa uwanja, na siku za dawa ya kugumisha asikanyage garaji kabisa, ila siku hizo asikatwe pesa ya chakula. Alikwenda pia kwenye kituo cha afya, na mzee alimwambia ataje jina la dawa anayoitumia kazini, si kusema tu kwamba anakohoa. Daktari asipojua mgonjwa anapiga rangi, anaweza kuangaika na mafua miezi mingi.

Makopo matupu na familia zinazoishi karibu

Wanaoishi kando ya garaji nao wanahusika. Familia zilizohama na vita zinaokota vyombo popote, na kopo la rangi lenye mfuniko mzuri linavutia. Linateka maji, linahifadhi maharagwe, linakuwa kikombe cha kupimia makala.

Kopo la rangi halifanywi chombo cha maji wala cha chakula, hata likisuguliwa kwa mchanga mpaka ling'ae. La dawa ya kugumisha ni baya kuliko yote. Mabaki yake yakikutana na maji yanatoa gesi, na mfuniko ukiwa umefungwa, kopo linavimba na linaweza kupasuka. Kwa mzee wa Ndosho makopo yanatobolewa kwa msumari kabla ya kutupwa, ili pasiwe na mtu wa kuyatamani.

Vumbi la msasa pia. Baadhi ya rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zina risasi ndani yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ya zamani inasuguliwa kwa msasa wa maji, vumbi lisiruke, na matope yake yanakusanywa, hayaachwi pale watoto wanapocheza. Fundi anabadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto wake.

Na babula iwe mbali. Mvuke wa diliani hauonekani, unatambaa chini, na unashika moto kutoka kwa makala ambayo mtu alidhani yamezimika. Mama anayepika chakula cha mafundi na kadafi anayeuza esanzi kwenye chupa wote wana haki ya kuwa karibu na wateja wao, lakini si siku ya rangi.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari, moto au lori anaweza kumuuliza fundi maswali machache bila kumkosea heshima. Bati litaoshwa kwa nini? Kutu itaondolewa mpaka wapi? Rangi ni ya kopo moja au ya makopo mawili, na kikombe cha kupimia kiko wapi? Gari litakaa siku ngapi kabla ya kurudi njiani? Fundi mwenye kazi safi anajibu akitembea, akionyesha kwa kidole. Anayejibu kwamba ana dawa moja ya yote, ya kufanya mawe yasivunje rangi, bado hajasema kitu.

Hiace ya Mama ilipita msimu wa mvua. Kwenye ukanda mweusi kuna alama nyingi za mawe, vidonda vidogo visivyofika kwenye bati, na viwili vilivyofika. Hivyo viwili shemeji alivisafisha na kuvigusa kwa brashi siku ileile, kwa epoksi kidogo ambayo Mama aliinunua kwa mzee na kuiweka ndani ya nyumba, juu ya kabati, mahali watoto hawafiki.